Mbuzi wa Harusi Waliochomwa na Swali

Vijana wangu, kaeni mahali mtanisikia. Simu zenu zilazeni zikiangalia chini, zipumzike nazo. Mimi nimestaafu. Sina bosi, kazi yangu sasa hapa mtaani Lucky Summer ni kuota jua na kusimamia kuku watatu ambao hawanisikizi. Kwa hivyo niko na wakati, na mdomo bado uko na betri.

Nimeandika skripti miaka mingi. Kama hujui, skripti ni maneno unaandikia kompyuta, mstari kwa mstari, ndio ikufanyie kazi bila kununa. Watu wakiona hii kofia yangu wanadhani nilikuwa fundi wa viatu. Na shule, shule niliacha darasa la tano. Mwalimu alinituma nyumbani nikalete karo, na mpaka wa leo bado naitafuta. Nikiipata nitarudi nikae kwa ile dawati yangu, magoti yapige kidevu.

Nilianza nikiwa mbeba nyama Soko la Burma. Paja la ng'ombe kwa bega, koti nyeupe ambayo mara ya mwisho kuwa nyeupe ilikuwa dukani. Nilikuwa na nguvu hata daktari angeogopa kunidunga, sindano ingekunja. Kuna siku nilibeba ng'ombe mzima, na jamaa mmoja alikuwa amemshika mkia akibishana bei, nikambeba pia yeye.

Sasa hapo juu ya mabucha kulikuwa na kijana wa Pumwani anaitwa Hassan, alikuwa na cyber ndogo, pale watu wanalipia kutumia kompyuta. Alitaka mtu wa kumpandishia kompyuta kwa ngazi, zile za zamani zenye mgongo kama friji. Nikazipandisha zote. Nikaona monita na nyama tofauti ni moja tu, monita haidondoshi damu. Nikabaki hapo juu nikimwangalia akiandika.

"Kamaa," akaniuliza, "sasa unaangalia nini?"

"Naangalia venye unaongea na hiyo kitu na haikujibu. Ni kama mimi na bibi yangu, Mama Kevo."

Akacheka, akanivutia stuli. Hiyo ndiyo interview pekee niliyofanya maishani.

Hassan ndiye mwalimu wangu, na alinifundisha na nyama, kwa sababu ndiyo lugha nilikuwa naelewa. Alifungua dirisha akanionyesha Otieno pale chini. Otieno alikuwa mchomaji wa bucha ya Mama Shiro, mtu mrefu hivi, akisimama karibu na moto moshi inamfika tu kwa mshipi.

"Ukimpatia Otieno nyama mbichi, anakurudishia nini?"

"Iliyoiva. Kama hajaonja sana."

"Umewahi kumuuliza kitambulisho? Ama kwao ni wapi?"

"Ya nini? Mimi nataka nyama."

"Basi umeelewa fankshen. Inaingia mbichi, inatoka imeiva. Hiyo tu."

Alafu akanieleza intafesi. Akasema chukulia kuna ukuta, na huo ukuta uko na kidirisha. Juu yake kumeandikwa *Mpishi*, na chini kumeandikwa kazi moja, *pika*. Ukuta haujui ni nani ako nyuma ya hicho kidirisha. Inaweza kuwa Otieno, inaweza kuwa nyanyako. Ukuta unajua tu ukisukuma nyama mbichi huku, itarudi imeiva. Na raha ya ile lugha yetu ya skripti ni kwamba kidirisha kikiwa na kazi moja tu, huhitaji kuunda mtu mzima wa kusimama hapo, na jina, na viatu, na mashemeji. Unaandika kale kakazi peke yake katikati ya yale mabano yaliyopinda kama masharubu, unakatia kwa kidirisha, basi. Leo kakazi ka kuchoma. Kesho unatoa unaweka ka kuchemsha. Ukuta hauulizi.

Niliipenda hiyo kitu mpaka nikaanza kuona vidirisha kila mahali. Kinyozi ni kidirisha, unaingiza kichwa na nywele kinatoka bila. Posho mill ni kidirisha, mahindi yanaingia unga unatoka. Mama Kevo aliniambia hata mimi ni kidirisha, unaingiza chakula na hakuna kitu inatoka.

Ngoja niwachomekee hapa ushauri mmoja kabla nisahau. Kale kakazi ukikapatia jina, kape jina la kazi yake. Mimi mwanzoni nilikuwa naita vitu majina ya watu. Kakazi kamoja nilikaita mamamkwe, ndio nisikasahau. Hassan akaniambia, "Hii haitumiki tena, ifute." Vijana, kidole kilikataa. Nilikaa mbele ya hiyo kompyuta mpaka chai ikapoa, siwezi kufuta mamamkwe. Nafikiri mpaka leo ako ndani ya ile mashine, anangoja kuamkiwa.

Haya. Turudi Burma, kwa Jumamosi moja ambayo siwezi kuisahau.

Mama Shiro alikuwa amefiwa na bwanake akabaki na bucha. Siku ya kwanza kufungua peke yake, watu walikuwa wanampita kama wanapita nguzo ya stima, ati mwanamke atajuaje kukata nyama. Mtu wa kwanza kusimama hapo alikuwa Bi Zainabu, mama wa Pumwani, mdogo wa mwili lakini sauti yake inaweza kusimamisha treni. Aliangalia nyama, akaangalia Mama Shiro, akasema, "Nikatie ya mchuzi, na usinipe mifupa kama zawadi." Kutoka hiyo siku hakuenda bucha ingine. Akaleta dada zake, dada zake wakaleta majirani. Mama Shiro alikuwa anasema hiyo bucha ina nguzo nne, na moja ni Bi Zainabu.

Kwa hivyo Bi Zainabu alipokuja kusema mpwa wake anaoa, na nyama ya walima, ile karamu ya harusi, itatoka hapo, Mama Shiro hakulala kwa furaha. Mbuzi wa harusi waliletwa wakaning'inizwa nyuma, peke yao, na kitambaa cheupe juu. Mmoja alikuwa wa kuchoma, wa wazee. Wale wengine wote ni wabichi, wa pilau. Walitakiwa wafike Pumwani kabla ya adhuhuri, kwa sababu sufuria zitakuwa zimeshapanda moto. Harusi bila pilau, vijana, hapo Pumwani hiyo si harusi, huo ni mkutano.

Sasa wakati huo mimi na Hassan tulikuwa tumemwekea Mama Shiro mtambo. Mteja anatuma ujumbe kwa simu, skripti yetu inausoma, inatafuta oda yake, inaita kile kidirisha cha Mpishi. Kakazi kalikowekwa hapo kanatuma karatasi kwa printa ndogo iliyokuwa imefungwa kwa nguzo karibu na moto. Karatasi inatoka, imeandikwa jina, nyama na namna ya kupika. Otieno anairarua, anaweka nyama kwa moto. Na mteja anarudishiwa ujumbe, *Nyama yako imewekwa kwa moto.* Ilikuwa inafanya kazi vizuri mpaka watu wa mabucha mengine walikuwa wanakuja kuigusa printa kama mtoto mchanga.

Ijumaa yake Mama Shiro akaja juu kwetu. Akasema, "Wanangu, kitu kimoja tu. Watu wanauliza sana iko tayari, iko tayari. Si hiyo mashine iwajibu saa?"

Ombi la haki kabisa. Na Hassan alikuwa na haraka, msikiti ulikuwa unaita. Akafungua pale kwa Mpishi, chini ya *pika* akaongeza swali la pili, *saa ngapi*. Akajaribu kutuma oda moja, karatasi ikatoka vizuri. Akavaa kofia yake.

"Umejaribu na hiyo ya saa?" nikamuuliza.

"Kamaa, kama pika inafanya, saa itakosaje kufanya?"

Nikaona ni kweli. Mimi nilikuwa nakula mahindi.

Jumamosi asubuhi niko pale chini nakunywa supu. Mama Shiro ameenda Pumwani kuonyeshwa mahali nyama itateremshiwa. Printa ikalia. Otieno akararua karatasi, akasoma, akaenda nyuma, akatoa mbuzi wa kwanza wa harusi akamweka kwa moto. Sawa, huyo alikuwa wa kuchoma, wa wazee. Baada ya muda mfupi printa ikalia tena. Akasoma. Akaenda nyuma. Akatoa mwingine.

"Otieno," nikamwambia, "huyo si wa pilau?"

"Yawa Kamaa, karatasi imesema. Bi Zainabu, mbuzi mmoja, choma. Nafikiri wazee wameongezeka."

"Harusi ni harusi," nikasema, nikaongeza supu. Nikamgeukia hata jirani yetu Gitonga, mwenye bucha ya ng'ambo, nikamwambia, "Umeona teknolojia? Mtu ako Pumwani, mbuzi inaingia motoni Burma."

Gitonga akasema, "Naona moshi."

Printa ikalia tena. Na tena. Ile moshi iliyopanda hapo, ndege ya kwenda Mombasa ilizunguka ikidhani imefika kwa mawingu ya mvua. Watu wa mitumba kule soko la Gikomba walianza kufungasha nguo wakidhani soko linaungua. Otieno alikuwa analia machozi na hajui kama ni moshi ama ni harusi. Mpaka kile kitambaa cheupe kikabaki kinaning'inia peke yake, hakuna mbuzi nyuma yake.

Hapo ndipo Mama Shiro alitokea. Akaangalia moto. Akaangalia kitambaa. Mkoba ukateleza kwa mkono.

"Otieno. Mbuzi wa Bi Zainabu wako wapi?"

"Wako hapa, mathe. Wote. Wanaiva vizuri."

Hakupiga kelele. Angepiga ningeshukuru. Aliketi kwa gogo la kukatia nyama akasema pole pole, "Yule mama alisimama hapa wakati hakuna mtu alisimama. Sasa nitamwambia nini?"

Nilikimbia ngazi ile ya kwetu nikiwa na bakuli ya supu mkononi, na nawaapia haikumwagika. Nikamwambia Hassan printa imerogwa. Nikamwambia tuichomoe, tuiweke maji ya chumvi. Hassan alikuwa ameshainamia kompyuta. Alikuwa anasoma ujumbe ulioingia asubuhi yote, wote wa Bi Zainabu. *Iko tayari?* Anajibiwa, *Nyama yako imewekwa kwa moto.* *Ndio, lakini iko tayari?* *Nyama yako imewekwa kwa moto.* *Nauliza iko tayari?*

Hassan akashika kichwa. "Walahi Kamaa, ni mimi."

Akanionyesha. Kile kidirisha sasa kilikuwa na maswali mawili, *pika* na *saa ngapi*. Lakini nyuma yake kulikuwa bado kuna kale kakazi kamoja ka masharubu, ka kuchoma. Lugha zingine hapo zingekataa, zingekufokea, kidirisha kina kazi mbili na umeleta mtu mmoja. Lakini yetu ilikuwa na upole, na sisi tulikuwa tumekasukuma kale kakazi ndani kwa lazima, tukaiambia, kahesabu tu kama Mpishi. Ikasema sawa. Na ukikasukuma hivyo, kila swali likija hapo, kale kakazi ndiko kanajibu. Na kalikuwa kanajua kujibu kwa njia moja tu, kutoa tena karatasi ya ile oda ya wazee, mbuzi mmoja, choma.

Ukikaambia pika, kanachoma. Ukikauliza saa ngapi, kanachoma.

Kwa hivyo yule mama wa watu alikuwa anaketi kwake Pumwani na wasiwasi wa harusi, anauliza, na kila akiuliza mbuzi mmoja anaingia motoni, na jibu analopata linamfanya aulize tena. Wasiwasi wake ndio ulikuwa unachoma nyama yake. Sijawahi kuona kitu kama hicho, na mimi nimeona vitu. Nimeona mtu akiibiwa kufuli na mlango ukaachwa.

"Wewe rekebisha," nikamwambia Hassan. "Mimi narudi chini."

"Ukafanye nini?"

"Nikabebe. Si ndiyo kazi niliyosomea?"

Kufika chini nikapata Mama Shiro amesimama, leso ameikaza kiunoni. Huyo mama alikuwa ameshafikiri. Ilikuwa Jumamosi, vijana, na Burma Jumamosi watu wanakuja kula choma mpaka viti vinaombwa kwa kinyozi. Kila bucha ilikuwa na wateja wameketi, wanagonga meza, nyama yao ndiyo kwanza inawekwa motoni. Na sisi tulikuwa na mbuzi wa kuchoma wa kulisha kata nzima.

Akasimama katikati ya njia. "Nani ako na mbuzi mbichi mzima? Lete mbichi, uchukue iliyoiva. Mbuzi kwa mbuzi, hakuna maneno."

Bucha ya kwanza ikatoa kichwa. "Iliyoiva sasa hivi?"

"Inatoa mafuta hata sasa ukiongea."

Jamaa akaangalia wateja wake, akaangalia mbuzi wake kwa ndoano, akamteremsha. Alafu wa pili. Mimi nabeba choma nikienda, nabeba mbichi nikirudi, bega hili mafuta, bega hili damu, miaka yote niliyokaa juu kwa stuli ikatoka kwa mgongo siku moja. Bi Zainabu angeuliza kama uchinjaji ni wa halali, lakini hiyo haikuwa shida. Mabucha yote hapo walikuwa wanatoa nyama machinjioni pamoja, anachinja sheikh mmoja, kisu kimoja.

Na hapo ndipo ile kitu Hassan alinifundisha ilinishika sawasawa, nikiwa na mbuzi shingoni. Hakuna mtu aliuliza huyu mbuzi ni wa nani, anaenda wapi, kwa nini mmechoma wa harusi. Mbichi inatoka, iliyoiva inaingia. Soko zima lilikuwa vidirisha, na kila kidirisha kilikuwa na swali moja. Ndio maana ilikimbia. Kama kila mtu angeongezewa na swali la pili, tungekuwa bado tunabishana na maharusi wako na wajukuu.

Tukapungukiwa na mbuzi mmoja. Aliyebaki sokoni alikuwa wa Gitonga, wa ng'ambo, na Gitonga na Mama Shiro walikuwa hawajasalimiana vizuri tangu Mama Shiro aseme supu yake ni maji ya kuoshea vikombe.

Mama Shiro akavuka. "Gitonga."

"Mama Shiro. Naona leo umefungua kiwanda cha moshi."

"Nahitaji huyo mbuzi."

"Nitakupatia." Akajifuta mikono pole pole, mtu anafurahia siku yake. "Lakini uonje supu yangu. Hapa, mbele ya watu."

Akamletea kikombe. Soko zima likasogea kuona. Hata nzi walikaa chini. Mama Shiro akanywa, akafunga macho, akameza.

"Iko na chumvi," akasema.

"Umesikia?" Gitonga akawageukia wateja wake. "Amesema iko na chumvi." Akamteremsha mbuzi mwenyewe, akanipakia kwa bega kama amenivisha medali.

Tukapakia mkokoteni, kitambaa cheupe kikarudi juu ya mbuzi wabichi. Yule mmoja wa wazee, wa kuchomwa kweli, alikuwa amebaki kwetu, akakaa mbele kwa sinia. Mwenye mkokoteni akaambiwa shuka na barabara ya Pumwani, usisimame hata ukiona pesa chini. Akaenda mbio mpaka magurudumu yakawa yanapiga mluzi.

Hassan akashuka, jasho usoni. Akasema amekata kile kidirisha. *Pika* imebaki kwa Mpishi, peke yake kama zamani. Swali la saa amelijengea kidirisha chake kando, linaitwa *Saa*, na kakazi kake hakajui hata moto unawashwa aje. Mbuzi akishapakiwa, oda inawekwa alama kwamba imetoka, na kakazi ka saa kanaangalia hiyo alama tu.

"Umejaribu?" nikamuuliza.

Hassan akaniangalia. Safari hii hakuvaa kofia.

Hakukuwa na haja ya kujaribu. Simu iliyokuwa kwa mtambo ilitetemeka wakati huo huo. Sote tukajua ni nani. Hassan akasoma kwa sauti ndogo.

"Bi Zainabu. *Iko tayari?*"

Otieno alikuwa ameshika paja moja la ng'ombe, la mteja mwingine, mkono hewani juu ya moto. Akageukia printa. Mama Shiro akageukia printa. Gitonga alikuwa amevuka kuja kuona, na yeye akageukia printa. Nimewahi kungoja mtoto kuzaliwa, nimewahi kungoja penalti, lakini sijawahi kungoja kitu kisifanyike vile nilingojea ile printa isilie.

Haikulia.

"Kwa hivyo nisiweke?" Otieno akauliza.

"Usiweke," Mama Shiro akasema.

Hassan akatuonyesha jibu lililokuwa limetoka lenyewe. *Nyama yako imetoka Burma. Iko njiani.* Tukasimama hapo tukiangalia ile simu. Najua mmezoea mashine zinazoandika skripti zenyewe, unaziambia nataka hivi na zinakumwagia kurasa. Ziambieni pia, dirisha moja kazi moja, na mkishaongeza swali, liulizeni nyinyi wenyewe kabla mteja hajaliuliza. Kwa sababu kuna mtu ako mahali, na sufuria kwa moto, anangoja jibu lako.

Simu ikatetemeka. Bi Zainabu alikuwa ameandika neno moja, ambalo hakuwa ameliandika asubuhi yote.

*Sawa.*

Mama Shiro akakaa kwa gogo, akavua leso, akapangusa uso. Alafu akamwita Gitonga, akamwambia amletee kikombe kingine cha ile supu.